Meno ya Mtoto: Tiba au Urembo?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze habari ya meno, na hasa meno ya watoto wetu.

Hapa Mwanza si ajabu tena kumwona mwanafunzi akicheka na waya zikimeta mdomoni. Zamani waya hizo tulikuwa tukiziona katika sinema za Wamarekani. Sasa zimepanda daladala pamoja nasi, na zimeleta ubishi katika nyumba nyingi. Mtoto anataka kuwa kama mwenzake. Mama anasita. Baba anauliza bei kabla hajauliza faida. Jirani naye hakosi neno: huyu anasema ni matibabu kama matibabu mengine, yule anasema ni urembo wa watu wenye fedha za kuchezea.

Kwa mtu wa Igogo ubishi huu si wa kupoteza muda. Kazi ya kupanga meno kwa waya huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, pengine zaidi. Mtoto hurudi kwa daktari kila baada ya majuma kadhaa ili waya zikazwe, na zikisha kutolewa huvaa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Wataalamu wa kazi hiyo katika Tanzania ni wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam. Mama anayeuza dagaa sokoni na baba anayebeba mizigo bandarini wakitajiwa gharama, wanajua papo hapo fedha itatoka wapi: katika mahitaji ya shule ya mtoto mwingine, au katika bati za nyumba iliyojengwa juu ya mawe. Basi wana haki ya kuuliza: je, huu ni ugonjwa, au ni sura tu?

Ningependa tulijibu swali hilo kwa kupitia historia, kwa sababu waya ni ngeni lakini swali si geni. Watu wa kando ya ziwa hili, na wa Afrika ya Mashariki nzima, wamekuwa wakiyashughulikia meno ya watoto wao kwa vizazi vingi. Na karibu kila mara, aliyeshika chombo alisema anafanya hivyo kwa faida ya mtoto.

MENO YA WAZEE WETU

Tuanze na jirani zetu Wajaluo, ambao wako Rorya na Shirati katika Mkoa wa Mara, wako Nyanza huko Kenya, na wako hapa hapa mjini. Mila yao ya zamani ilikuwa kumng'oa kijana meno sita ya mbele ya chini. Makabila mengine ya jirani yaliwatahiri vijana wao; Wajaluo hawakutahiri, na pengo lile ndilo lililokuwa alama ya kwamba mtoto amevuka. Sababu zinazotolewa ni zaidi ya moja. Kwanza, alama ya kabila na ya utu uzima. Pili, uzuri. Tatu, na hii ndiyo inayotufaa leo, afya: mtu akishikwa na pepopunda, taya likikaza, atanyweshwa uji na dawa kupitia pengo. Wamasai nao waling'oa meno mawili ya katikati ya chini, na habari ya pepopunda hutajwa kwao pia.

Tusiwacheke wazee. Kabla ya chanjo, pepopunda ilikuwa kifo kilichokaa mlangoni mwa kila mkulima na mfugaji, na njia ya kumlisha mgonjwa aliyefunga taya haikuwa jambo dogo. Lakini tuitazame hesabu yake. Kila kijana alipoteza meno sita mazima kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi wao wasingeupata. Na hata kama pepopunda isingekuwapo, hapana shaka meno yangeng'olewa tu, maana kijana asiye na pengo alionekana mtoto. Afya, sura na heshima ya kabila vilifungwa katika furushi moja, na hakuna aliyeona haja ya kulifungua. Mila hiyo ilififia katika karne ya 20, kwa nguvu ya misheni, shule na maisha ya mjini.

Kusini, Wamakonde walichonga meno yakawa na ncha, na kwao huo ulikuwa urembo. Pwani nako kulikuwa na habari ya kigego. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno hilo: mtoto ambaye meno ya juu humtoka kabla ya yale ya chini. Aliaminiwa kuwa ni mkosi kwa jamaa zake, na katika baadhi ya makabila ya Afrika ya Mashariki mtoto wa namna hiyo aliuawa au alitupwa. Leo daktari yeyote atakuambia kwamba meno ya juu kutangulia ni tofauti ndogo ya kuota, wala si ugonjwa. Lakini mpangilio wa meno peke yake ulitosha kumpotezea mtoto uhai.

Kisha upo mwanya. Nafasi hiyo ndogo katikati ya meno mawili ya juu imesifiwa na watunzi wa nyimbo pwani na bara, na wapo waliokwenda kuchongesha meno ili waipate. Msikilizaji, uweke mwanya huo akilini, maana tutakutana nao tena katika vitabu vya Wazungu, ukiwa umeandikwa katika orodha ya kasoro.

MJI MMOJA, MENO YA NAMNA MBILI

Kupanga meno kwa chuma kulielezwa vizuri kitabuni na Mfaransa Pierre Fauchard mwaka 1728. Yeye alitumia ukanda mwembamba wa madini uliopindwa kama kiatu cha farasi na kutobolewa matundu, akayafunga meno kwenye ukanda huo kwa uzi ili yavutwe taratibu kufuata mstari. Kwa muda mrefu baada yake kazi hiyo ilikuwa ya kubahatisha, kila daktari na njia yake.

Aliyeigeuza kuwa taaluma ni Mmarekani Edward Angle. Mwaka 1899 alitoa utaratibu wa kuzigawa kasoro za kuumana kwa meno katika madaraja matatu, na madaraja hayo yanatumika hadi leo ulimwenguni, pamoja na hapa Tanzania. Mwaka 1900 alifungua shule ya kufundisha kazi hiyo katika mji wa St. Louis. Angle alisisitiza kwamba meno yakiumana sawasawa, uso nao utakuwa mzuri. Na alipotaka kuonyesha uso wenye ulinganifu ni upi, alichukua sanamu ya kale ya Apollo, mungu wa Wagiriki. Ndiyo kusema, tangu siku za mwanzo za taaluma hiyo, tiba na urembo vilikaa kiti kimoja. Furushi ni lile lile tuliloliona kwa Wajaluo.

Sasa sikiliza jambo lililotokea katika mji huohuo. Mwaka 1904 St. Louis ilifanya maonyesho makubwa ya ulimwengu. Miongoni mwa vitu vilivyoletwa kutazamwa walikuwamo watu, na mmoja wao alikuwa kijana kutoka Kongo aliyeitwa Ota Benga. Meno yake yalikuwa yamechongwa ncha, kwa desturi ya urembo ya kwao. Wamarekani walilipa ili awaonyeshe meno hayo, na magazeti yakayaeleza kuwa ni ushahidi wa ulaji wa watu. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani, hadi wachungaji Weusi walipopinga na akatolewa. Baadaye alipelekwa Lynchburg, Virginia, na huko meno yake yakavikwa vifuniko ili afanane na watu wengine. Mwaka 1916 alijiua.

Kwa hiyo, katika mji mmoja na katika miaka ileile, Mmarekani aliyetengeneza meno kwa ajili ya sura alihesabiwa kuwa daktari, na Mwafrika aliyetengeneza meno kwa ajili ya sura alihesabiwa kuwa mnyama. Sisemi kwamba kazi ya Angle ilikuwa bure. Imewaponya watu wengi. Nasema kwamba kila anayetuambia meno yanayofaa ni haya, tumwulize amepima kwa uso wa nani.

Swali hilo lina maana hadi leo katika chumba cha daktari. Waafrika wengi meno yao ya mbele, ya juu na ya chini, huelekea nje kidogo kuliko ya Wazungu, na midomo hujaa zaidi. Hayo ndiyo maumbile yetu. Mtoto wa Igogo akipimwa kwa uso wa Apollo ataonekana ana kasoro, ilhali amefanana na babu yake. Ndivyo ulivyo na mwanya pia. Daktari mzuri analijua hilo. Picha za magazeti na matangazo hazilijui.

CHAKULA, MATAYA NA FURU WA ZIWA

Pengine utauliza: kwa nini basi meno yabanane? Mbona mafuvu ya watu wa kale waliowinda na kuokota matunda yana meno yaliyopangika kuliko yetu?

Mwaka 1935 alifika Afrika ya Mashariki daktari wa meno kutoka Cleveland, Marekani, jina lake Weston Price. Alipita Kenya, Uganda na Kongo akitazama vinywa vya watu, na miongoni mwa aliowaandika ni Wajaluo wa kando ya ziwa letu, ambao aliwakuta wanakula samaki kwa wingi na meno mabovu ni machache. Katika kitabu chake cha mwaka 1939 alidai kwamba watu wakiacha vyakula vyao vya asili wakashika unga mweupe, sukari na vyakula vya makopo, si kwamba meno yanaoza tu, bali watoto wao huzaliwa na mataya membamba na meno yaliyopishana. Wanasayansi wa leo hawamkubali kwa yote. Alitazama kwa muda mfupi, na mengine aliyahitimisha haraka. Lakini kwamba chakula laini kinahusika na udogo wa taya, hilo limeendelea kupata nguvu. Taya ni mfupa, na mfupa unaofanya kazi hukua.

Ushahidi mmoja mzuri uko ndani ya ziwa hili hili. Yuko furu mmoja ambaye wanasayansi humwita Astatoreochromis alluaudi. Furu huyu ana mataya ya pili kooni, na kwa hayo huponda konokono. Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja, Uganda, alieleza mwaka 1965 kwamba furu wa aina hiyo wakikua kwa kula konokono, mataya yale huwa mazito na meno yake mapana. Wakilelewa katika matangi kwa chakula laini, mataya hubaki membamba. Samaki ni wa jamii ileile. Kilichobadilika ni chakula.

Binadamu si furu, na tusikimbilie kusema kwamba mtoto akitafuna muwa na mahindi ya kuchoma hatahitaji waya. Urithi una nafasi kubwa: mtoto huweza kurithi taya la mama na ukubwa wa meno ya baba, visipatane. Hata hivyo habari hii inatufundisha kwamba meno kubanana si laana wala si uzembe wa mzazi. Kwa sehemu kubwa ni gharama ya maisha tunayoishi wote.

MENO YA PLASTIKI

Tukifika hapa hapana budi tuseme jambo chungu, ambalo halitoki ng'ambo.

Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari za watoto wa Uganda waliong'olewa machipukizi ya meno ya chonge wakiwa bado wachanga. Huko magharibi ya Uganda ugonjwa unaodhaniwa huitwa ebiino. Kwetu Tanzania imani hiyo ilivuma kuanzia miaka ya 1980 kwa jina la meno ya nailoni au meno ya plastiki. Mwaka 1991 watafiti Matee na van Palenstein Helderman walieleza kasoro walizokuta kwa watoto wa Tanzania waliofanyiwa kazi hiyo, na mwaka 1997 Kikwilu na Hiza waliandika juu ya waganga wa jadi wanaoyang'oa machipukizi hayo au kuyasugua kwa dawa.

Mambo huenda hivi. Mtoto wa miezi michache ameanza kupewa uji na maji, na pamoja na hayo amepata vijidudu. Anaharisha, ana homa, anakataa kula. Mama anampeleka kwa mganga. Mganga anapapasa ufizi, anakuta uvimbe mahali pa chonge, ambapo kwa kawaida ufizi huinuka jino linapokaribia kutoka. Anasema hapa kuna jino la plastiki linalomla mtoto. Anachimba kwa kisu, kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, au kwa kucha. Anachotoa ni cheupe na laini, na mama anaamini, maana amekiona kwa macho yake. Kumbe ni chipukizi la jino zima ambalo halijapata kukomaa.

Mtoto aliyekuwa na ugonjwa wa kuharisha, aliyehitaji maji ya chumvi na sukari na zahanati, sasa ana kidonda kinywani. Anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa chombo kilichotumika kwa wengine. Wapo waliokufa. Na aliyepona hajamaliza, kwa maana chipukizi la chonge la ukubwani liko jirani na lile la utotoni, nalo huguswa. Miaka kumi na zaidi baadaye jino linaota likiwa limeharibika, au limekaa upande, au halioti kabisa, na meno mengine yanasogea kuziba pengo. Mtoto huyo ndiye atakayehitaji waya kwa kweli, na mara nyingi ndiye ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kuzilipia.

Linganisha hilo na kigego, na pengo la pepopunda, na meno ya Ota Benga. Mganga wa meno ya plastiki hasemi habari ya urembo hata kidogo. Anasema afya. Kwa hiyo neno afya peke yake halitoshi kutupa amani, kama vile neno urembo peke yake halitoshi kututia hatiani. Ya kuulizwa ni haya: tusipofanya, kutatokea nini? Tukifanya, tutaharibu nini? Na kikiharibika, kinaweza kurudi?

KUTENGANISHA TIBA NA SURA

Waingereza walilazimika kuyajibu maswali hayo kwa sababu ya fedha. Kwao matibabu ya watoto hulipiwa na serikali, na serikali haiwezi kulipia kila tabasamu. Mwaka 1989 wataalamu Brook na Shaw walitoa kipimo chenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina madaraja matano na hutazama madhara kwa afya ya kinywa. Ya pili ni picha kumi za meno, kuanzia yanayopendeza hadi yasiyopendeza. Huko England mtoto aliye chini ya miaka 18 hulipiwa akiwa katika daraja la nne au la tano la afya. Wa daraja la tatu hulipiwa ikiwa sura ya meno yake nayo imeharibika kiasi cha kutosha. Walio chini ya hapo, wazazi wakitaka, watoe fedha zao. Kwa njia hiyo lile furushi la zamani lilifunguliwa na kupimwa kila kilichomo.

Ni mambo gani basi huingia katika upande wa afya? Meno ya juu yaliyochomoza sana mbele, kwa kuwa mtoto akianguka huvunjika kwa urahisi, na jino la ukubwani likivunjika halirudi. Chonge iliyokwama ndani ya taya, ambayo inaweza kuila mizizi ya meno ya jirani. Meno ya chini yanayochoma ufizi wa juu kila mtoto anapofunga mdomo. Taya linaloteleza upande mmoja kwa sababu meno yanaumana kinyume. Watoto waliozaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Hao wote waya kwao ni tiba kama plasta ya mguu uliovunjika, na mzazi asiseme mtoto anataka anasa.

Upande wa pili ziko kasoro ndogo ndogo: jino limegeuka kidogo, mengine yamepishana kidogo, mwanya. Husemwa kwamba yasiponyooshwa yataoza. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Kinachoozesha meno ni sukari na kutopiga mswaki, na waya zenyewe zikivaliwa na mtoto asiyesafisha huacha madoa na matundu.

Mwaka 2009 mtafiti Matilda Mtaya na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau aina moja ya kasoro ya mpangilio. Sikia hesabu hiyo vizuri. Jambo likikutwa kwa karibu watoto wawili katika kila watatu, wengi wao haliwaumi wala haliwazuii kula, haliwezi kuitwa ugonjwa kwa wote. Ni wachache kati yao wenye haja ya kweli, na kazi ya mtaalamu ni kuwatambua hao wachache.

Lakini mtoto anayechekwa shuleni je? Hilo nalo si la kupuuza. Mtoto anayeitwa jina baya kwa ajili ya meno yake, anayefunika mdomo kwa kiganja kila akicheka, anaumia, hata kama hana kidonda. Hata hivyo tusiahidi makubwa. Huko Cardiff, Wales, watafiti walianza mwaka 1981 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wa miaka 11 na 12, na mwaka 2001 wakawatafuta tena walipokuwa watu wazima. Waliopata matibabu ya meno walikuwa na meno yaliyonyooka zaidi na walifurahi nayo. Lakini katika kujithamini na kuridhika na maisha, waliokosa matibabu hawakuonekana kuwa wameharibikiwa. Moyo wa mtoto hujengwa na mambo mengi, na waya ni moja tu kati ya hayo.

Iko hatari nyingine ya kuitaja. Katika nchi kadhaa za Asia vijana walianza kuvaa waya za bandia kwa ajili ya fasheni tu, zikiuzwa sokoni na kufungwa na watu wasio madaktari, hadi Thailand ikapiga marufuku biashara hiyo. Waya yoyote inayofungwa mdomoni huvuta jino, upende usipende. Ikifungwa na asiyejua, jino huenda lisikotakiwa au hulegea. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa wembe huu, ndugu zangu, asipewe.

LA KUFANYA

Sasa turudi kwa mama wa Igogo mwenye mtoto wa miaka minane ambaye meno yake mapya ya juu yametoka yakiwa yameachana na kuegemea pande. Asiogope. Kati ya miaka saba na kumi na miwili meno ya mbele huonekana hivyo kwa watoto wengi, kisha chonge za juu zikitoka, kwa kawaida kwenye miaka 11 au 12, husukuma na kuyakaribisha pamoja. Anayekimbilia waya katika umri huo bila shauri la daktari anaweza kulipia kazi ambayo maumbile yangeifanya bure.

Yako mengi ya kumkinga mtoto ambayo hayana gharama kubwa. Meno ya utotoni ni 20, na kila moja hulinda nafasi ya mwenzake ajaye. Likiozeshwa kwa pipi na soda likang'olewa mapema, meno ya jirani husogea na lile la ukubwani hukosa pa kukaa. Gego la kwanza la ukubwani hutoka kwenye miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utotoni na kuliacha lioze. Mtoto anayenyonya kidole asaidiwe kuacha kabla meno ya ukubwani hayajaanza kutoka. Na mtoto mchanga anayeharisha apelekwe zahanati, wala asiguswe ufizi na mtu yeyote mwenye kisu au spoki.

Mtoto akifika miaka kumi hivi, apelekwe kwa daktari wa meno, Sekou Toure, Bugando au kituo kilicho karibu, atazamwe mara moja jinsi meno yanavyoumana. Swali la kumwuliza daktari ni jepesi: mwanangu asipofungwa waya, kutatokea nini? Akijibu kwa kutaja madhara, mzazi afanye kila juhudi, na tupige kelele wote ili huduma hiyo isiwe ya Dar es Salaam peke yake. Akijibu kwamba hapatatokea kitu ila sura itabaki ilivyo, basi mzazi ajue ananunua urembo. Kununua urembo si dhambi. Wazee wetu waliununua kwa maumivu makubwa kuliko hayo. Lakini uitwe kwa jina lake, usilipwe kwa daftari na sare za mtoto mwingine, na usubiri hadi mwenye meno awe na umri wa kusema mwenyewe anautaka au hautaki. Vijana wa Kijaluo wa zamani, kigego, na mtoto wa meno ya plastiki, hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.